Manyoya ya Kipupwe

Sahani ilirudi na maandazi yake.

Rozina aliipokea mlangoni kutoka kwa Jasmin, binti mdogo wa mwenye nyumba, na kabla hajafunua kitambaa mkono wake ulishaujua ule uzito. Katika ua ule wa Majengo sahani ya jirani hairudi tupu. Ukipeleka maandazi itarudi na sukari. Ukipeleka maharage itarudi na vitumbua, au hata ndimu mbili zinazobingirika. Lakini kurudi na kile kile ulichopeleka, hilo halikuwahi kutokea tangu Rozina na mumewe walipoingiza kitanda chao katika vile vyumba viwili vya nyuma.

"Mama anasema asante," Jasmin alisema huku akitazama vidole vyake vya miguu. "Anasema tumeshiba."

"Asubuhi yote hii mmeshiba?"

Mtoto aliyelelewa vizuri haongopi mara mbili kwa mtu mzima.

"Lile la juu lina unyoya," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Wa Kipupwe."

Rozina akamwambia haya mwanangu, msalimie mama. Akaingia ndani, akafunua. Ulikuwepo kweli, umelala juu ya andazi, mrefu, mweupe wa kimaziwa, ncha imejikunja kidogo. Akautoa. Akalipasua andazi la pili, nalo lilikuwa na wake, tena huo ulikuwa ndani kabisa, umekaangwa pamoja na iliki. Akakaa juu ya kigoda na sahani magotini, na maandazi aliyoamka alfajiri kuyakanda yakapoa hapo hapo.

Kipupwe alikuwa amelala nje, ubavu kwenye ukuta wenye jua. Hakufanana na mbwa wetu hawa wa Sumbawanga, wembamba, wekundu, wanaolala katikati ya barabara na kumwachia mwenye bodaboda kazi ya kuwakwepa. Yeye alikuwa mkubwa kama ndama, na shingo yenye manyoya kama ya kondoo dume. Wazungu wa mradi wa visima ndio waliomleta akiwa mdogo, na walipofunga mizigo yao walimwachia mlinzi wao, ambaye ndiye Adolfu, mume wa Rozina. Adolfu akampa jina la majira aliyompokea, kipupwe, wakati baridi ya Ufipa inapomfanya mtu avae koti hata jikoni.

Kwa baridi mbwa yule alikuwa mfalme. Shida ilikuja baridi ilipolegea. Mwezi wa Nane ukiingia, upepo wa milimani Malonje ukianza kuvuta vumbi, Kipupwe aliachia manyoya. Si moja moja. Yalitoka kwa mafungu, laini kama sufi. Yalikaa kwenye mswaki, kwenye sabuni, kwenye kopo la chumvi, kwenye rozari iliyoning'inia ukutani. Ulifagia, ukageuka kuegesha fagio, na nyuma yako mengine yalikuwa yakitambaa sakafuni kama vifaranga wanaomfuata mama yao.

Na mwaka huo ndio yalizidi.

*

Adolfu ndiye aliyekuwa akiyangojea.

Kiharusi kilimpata wakati wa Kwaresima, akiwa anafunga geti kazini. Mguu ulirudi nusu. Maneno yalirudi machache machache. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa juu ya goti lake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kwa muda. Kule hospitali walimpa mpira mdogo aubinye kila siku. Aliutazama tu, akausukuma ukaanguka. Mtu aliyeshika rungu na tochi maisha yake yote, leo apewe mpira wa kuchezea!

Lakini siku moja Rozina alimkuta ameshika chanuo. Lilikuwa chanuo la chuma, lenye meno marefu na mpini wa mbao, waliloliacha wale Wazungu. Alikuwa amelitia katika mkono ule mbovu, akavifunga vidole kwa mkono mzima, na Kipupwe amesimama mbele yake, ameegemea magoti yake, macho amefumba. Chanuo lilishuka mbavuni. Likashuka tena. Fungu la manyoya likajaa kwenye meno, na Adolfu akalitoa, akalitia katika kiroba kilichotundikwa kwenye mkono wa kiti.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yake. Wenzake wa kijijini Mwazye walivuna ulezi, yeye alivuna mbwa. Jua likipanda alikuwa ameshakaa; likifika utosini, kiroba kilikuwa kimejaa, na Kipupwe alijigeuza mwenyewe kumpa ubavu wa pili bila kuambiwa.

"Leo ni... nimevuna," alimwambia Rozina, akakishindilia kiroba kwa kiganja.

"Nimeona, Baba Zita. Na mimi nimevuna. Nimevuna ndani ya mchuzi."

Akacheka, mdomo ukienda upande mmoja. Na wiki ile ile alifunga kifungo cha shati. Kimoja tu, cha tumboni, na alikifunga kwenye tundu lisilo lake, lakini alikifunga kwa mkono wa kulia. Rozina aliligeukia sufuria ili asionekane analia.

Kwa hiyo alijua. Watu waliosema baadaye kwamba Mama Zita hakujua anachokigusa, walimwonea au walimsamehe bure. Alijua vizuri.

*

Rozina alikuwa mfumaji. Ndani ya chumba cha mbele ilisimama mashine ya kufumia masweta, kichwa chake kikienda kulia na kushoto juu ya safu ya sindano, kra, kra, tangu asubuhi. Sumbawanga si mji wa kumwacha mtoto aende shule na shati tupu, na agizo kubwa la Rozina lilikuwa la shule moja ya watu binafsi iliyo njia ya kwenda Kizwite: masweta ya bluu iliyokoza, shingo ya pembe, mistari miwili ya njano. Tangu Adolfu aache kazi, agizo hilo ndilo lililokuwa kodi ya nyumba, dawa za presha na unga.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Shigela, alimwita ofisini. Hakumwambia akae. Masweta yalikuwa juu ya meza, na yeye akachukua moja kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya kwa mkia.

"Mama, haya masweta umefuma ya watoto au ya wazee?"

"Ya watoto, mwalimu. Kwa vipimo mlivyonipa."

"Mbona yana mvi?"

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari pembeni wakaangua kicheko, mmoja akafunika mdomo. Rozina akasogea. Kwenye ile bluu kila unyoya ulionekana kama chaki ubaoni. Mengine yalikuwa yameshika juu juu tu, ungeweza kuyapuliza. Lakini mengine yalikuwa yamefumwa. Yameingia na uzi, yakapita sindano baada ya sindano, yakawa sehemu ya sweta.

"Kuna mtoto amepiga chafya tangu mstarini asubuhi mpaka mapumziko," Mwalimu Shigela alisema, sasa bila utani. "Mama yake amenipigia simu. Anauliza shule inafuga nini. Nimjibu nini?"

"Nitayasafisha, mwalimu."

"Yasafishe. Na yaliyobaki yaje safi. Yakija hivi tena, mama yangu, usinilaumu. Wafumaji wako wengi."

Alirudi kwa miguu na furushi kichwani. Siku tatu hakufuma. Alikaa na kibano cha kutolea miiba, akiyang'oa manyoya kwenye masweta, unyoya mmoja mmoja, macho yakimtoka machozi kwa kukodoa. Alifunika mashine kwa shuka. Alilowesha sakafu. Alimfunga Kipupwe nje ya ua, na mbwa akalia kwa sauti nene hadi jirani wa tatu akaja kuuliza kama kuna msiba. Akamfungua. Alipoinua shuka ili afume, unyoya ulikuwa umelala juu ya sindano, umewahi kufika.

*

Ijumaa ile Nadhira, mama yake Jasmin na Abuu, alimwita kwenye kamba ya nguo. Kanzu ya mumewe, Mahmud, ilikuwa imeanikwa, inachuruzika maji.

"Njoo uone, Mama Zita."

Rozina aliona. Kwenye bega.

"Mimi na wewe hatujawahi kugombana," Nadhira alisema. "Na sina ugomvi na mbwa. Analinda magunia ya Mahmud, na mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake katika dini. Lakini unyoya wake ukishika nguo mbichi, mimi nguo hiyo haiswaliwi, naifua upya. Hii leo nimeifua mara ya tatu. Hii mikono si mashine, dada yangu."

"Nipe nikufulie mimi."

"Utaifua wewe uliyejaa manyoya toka kichwani?" Nadhira akataka kucheka, kicheko kikakataa. Akamtoa Rozina unyoya begani, akautupa. "Mahmud hajui. Anadhani nachelewesha kanzu kwa uvivu. Nikimwambia, unajua atakachosema. Atasema aondoke mbwa au mwondoke wote. Ndiyo maana nameza. Lakini koo nalo lina mwisho."

"Na ile sahani, Mama Abuu?"

Nadhira akainama, akakamua ncha ya kanzu iliyokuwa imeshakamuliwa.

"Ile sahani iliniuma kuliko wewe," akasema. "Ningetupa maandazi nikuletee sukari, usingejua. Nikaona hapana, nisimfanyie mwenzangu unafiki."

Walisimama hapo. Upepo ukapita kati yao, na wote wawili bila kukusudia wakatazama ulichobeba.

*

Marselino, mdogo wake Rozina, alifika kutoka Mwazye na gunia la mahindi kwenye baiskeli. Alikula ugali, akatoa unyoya mdomoni, akautazama kwenye mwanga.

"Dada, hiki kitu mbona hamkinyoi?"

"Kunyoa mbwa?"

"Kwani ana tofauti gani na kondoo? Nyoa yote, upumzike. Ukimleta kwangu kijijini, shemeji atakufa kwa upweke. Ukimwacha hivi, mtafukuzwa. Mnyoe."

"Na baridi ikiingia?"

"Nywele si mguu, dada. Zitaota."

Neno hilo likamwingia Rozina likakaa. Lilikuwa na huruma ndani yake. Hakuna anayeondoka, hakuna anayefukuzwa, sweta litakuwa safi na kanzu itakuwa safi, na mwakani manyoya yatakuwa yamerudi na Adolfu atavuna kama kawaida. Hata yeye mwenyewe alishanyolewa kipara alipokufa baba yao. Wote walinyolewa, mama, watoto, mpaka kichanga cha mgongoni, kama ilivyo desturi ya kwao matanga yakianuliwa, nywele zikachomwa nyuma ya nyumba. Na zote ziliota, nyeusi kuliko za kwanza.

Walimwendea kwanza Shija, kinyozi wa njia panda. Shija alimtazama Kipupwe kuanzia pua hadi mkia, akazima mashine yake kabisa, asije akashawishika.

"Mama, hii mashine inanyoa mpaka mapadri. Nikimpitishia mbwa, nitafunga saluni."

Basi Rozina akatoa mkasi wake mwenyewe, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Siku waliyochagua ilikuwa ya kliniki. Binti yao, Zita, alikuja na bajaji kutoka Katandala, akamchukua baba yake asubuhi.

"Tumwambie shemeji kwanza?" Marselino aliuliza, bajaji ilipokuwa inakata kona.

"Atasema nini? Maneno yenyewe yanamtoka kwa shida. Atakasirika bure, presha ipande. Akirudi atakuta."

Hiyo ndiyo sentensi ambayo Rozina angeikumbuka miaka, kila neno na mahali pake.

Walitandika turubai. Marselino alikuja na kamba, akidhani watapigana naye, lakini kamba haikuhitajika. Kipupwe alipoona Rozina amekaa kwenye kile kiti cha mumewe, alikuja mwenyewe, akasimama, akaegemea magoti yake na kufumba macho. Mkasi ukaingia. Manyoya yakaanguka mazito, kama blanketi linalovuliwa. Walipomaliza ubavu wa kwanza, kabla hawajamgusa, mbwa yule akajigeuza akawapa wa pili.

Rozina aliendelea kukata.

Ndani ya yule mbwa mkubwa mlikuwa na mbwa mwingine, mdogo, mwembamba, ngozi ya waridi yenye madoa, mbavu zinahesabika. Aliposimama alijikung'uta kwa mazoea, na hakuna kitu kilichopepea. Akageuza kichwa kujitazama. Kisha akaenda kulala kwenye ukuta wake, akaamka, akalala tena upande mwingine, kama mtu aliyepewa kitanda kisicho chake.

"Na hiki?" Marselino alishika kiroba cha Adolfu kilichotundikwa kwenye kiti, kilichoshindiliwa hadi mdomoni.

Rozina alikitazama. Wakikiacha, upepo utakifungua, na kazi yote itakuwa bure.

"Changanya yote," akasema. "Choma."

*

Harufu ilimpokea Adolfu kabla ya mtu yeyote.

Bajaji ilisimama getini, Zita akamshika baba yake kwapani, na mzee alipoweka mguu chini akasimama. Pua ikainuka. Ni harufu ambayo hakuna Mfipa wa umri wake asiyeijua: nywele zinazoungua, asubuhi ya kuanua matanga, nyuma ya nyumba. Akamtazama Zita, kama anamhesabu. Akatazama mlangoni. Rozina akatoka, amejifunga kanga kichwani kwa ajili ya moshi, na Adolfu akaona kichwa kilichofungwa.

"Nani..." akasema. Ulimi ukakwama. Akavuta pumzi, akausukuma tena. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba Zita. Karibu. Pole na safari."

"Nani kafa?"

"Jamani, baba, hakuna," Zita akasema. "Mama, mnachoma nini?"

Ndipo Kipupwe alipoisikia ile sauti, akaja mbio kutoka ukutani, mkia ukipiga, ule mkia ambao sasa ulikuwa kama kamba ya katani. Akafika, akaegemeza ubavu wake kwenye magoti ya mzee. Adolfu alirudi nyuma hatua nzima, karibu aanguke. Hakumjua. Alimtambua kwa macho tu, baada ya kutazama muda mrefu.

Alikaa kwenye kiti chake. Mkono wa kushoto ukapapasa mkono wa kiti, pale kilipotundikwa kiroba. Ukapapasa tena.

"Tumemnyoa," Rozina akasema haraka. "Masweta, Baba Zita. Shule ingetuacha. Na hapa ndani, Mama Abuu kanzu anaifua mara tatu. Zitaota. Nywele si mguu. Mwakani utavuna tena."

Adolfu alikuwa anatazama moshi.

"Mimi bado," akasema. Akajigusa kifuani kwa kidole kimoja. "Mimi... bado. Mmeninyolea."

"Usiseme hivyo!"

"Na ha... hanyolewi." Jasho lilimtoka kwa kulitafuta neno. "Hawa. Hawanyolewi. Walisema. Wazungu."

Rozina akaifungua ile kanga ya kichwani.

"Mbona hukuniambia?"

Mzee akageuza uso wake, ule upande mzima, akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Hukuuliza," akasema.

Sentensi hiyo ilitoka bila kukwama hata kidogo.

*

Baridi haikuwa imeisha. Ilikuwa imejificha tu mchana. Usiku Kipupwe alitetemeka mpaka meno yakasikika ndani. Rozina aliwasha taa, akakusanya mabaki ya nyuzi za shule, akafuma sweta. Alilipima kwa shuka, akaliongeza mgongo, akalitolea matundu manne. Asubuhi mbwa alitoka nje na sweta la bluu iliyokoza, mistari miwili ya njano.

Majengo nzima ilikuja kuangalia. "Mama Zita, mwanao ameanza chekechea?" waliuliza. "Ameshalipiwa ada?" Vijana wa bodaboda walimpigia honi: "Mwanafunzi, mambo!" Rozina alicheka nao, maana usipocheka unaongeza mchezo. Adolfu hakucheka. Chanuo alilitia kwenye mfuko wa koti, na hakulitoa.

Masweta yalipelekwa safi. Mwalimu Shigela aliyainua moja moja kwenye dirisha, akasema sasa hapo sawa. Nadhira alileta sahani ya pilau, na Rozina akairudisha na maandazi, na yakaliwa. Kila mtu alipata alichokuwa akikitaka, isipokuwa mtu mmoja, na huyo hakuwa msemaji.

Mvua zikaja, mahindi yakaota, yakazaa. Manyoya ya Kipupwe nayo yaliota, lakini si yale. Yaliota kwa viraka, mafupi, makavu kama mswaki wa viatu, na kiunoni hayakuota kabisa. Pakabaki ngozi nyeusi inayong'aa. Marselino alipokuja na mahindi mengine alilizunguka lile dume, akatikisa kichwa. "Labda yanachelewa," akasema. Hakumaliza ugali wake.

Rozina alijaribu. Mara kadhaa alilichukua chanuo mfukoni, akalitia katika mkono wa mumewe, akamwita mbwa. Mbwa alikuja, akaegemea, akafumba macho, maana mbwa hana kinyongo. Chanuo lilipita juu ya yale makavu likarudi tupu. Adolfu alilitazama meno yake, akaliachia likaanguka. Vidole vikaanza kujikunja. Mwanzoni vilikunjuka ukivikanda kwa maji ya moto. Kisha vikawa havikunjuki, vimeshikana kama jani la maharage lililopigwa na baridi. Shati sasa alifungwa na Rozina, vifungo vyote, kila kimoja kwenye tundu lake.

Na shule? Mwanzo wa mwaka Mwalimu Shigela alimpigia simu kwa adabu sana. Wenye shule wameamua kununua masweta ya dukani, yanakuja kwa lori kutoka Tunduma. Si kosa lako, mama. Kazi yako ilikuwa nzuri.

Rozina akasema asante, mwalimu. Alikaa na simu mkononi hata baada ya kioo chake kuzima.

*

Mwezi wa Nane ulirudi. Upepo wa Malonje ulivuta vumbi kama kawaida, na haukuwa na kingine cha kubeba. Nguo za Nadhira zilipepea kwenye kamba, nyeupe tupu. Rozina alifagia asubuhi na sakafu ikabaki imefagiwa mpaka jioni. Alikuwa akisimama katikati ya chumba, fagio mkononi, hajui anachosubiri.

Mama mmoja, Agnesi wa kule Izia, alimletea sweta la mtoto lililotoboka kiwiko. "La mwaka jana hili, ulilifuma wewe. Haya ya dukani hayafiki hata Pasaka."

Rozina alikaa mlangoni penye mwanga, akaanza kufumua pale palipochakaa. Kwenye kiwiko, kati ya uzi na uzi, akauona. Akasimamisha mkono. Akavaa miwani. Ulikuwa umefumwa humo humo, umepona kibano chake na kufuliwa mwaka mzima. Akauvuta polepole, kwa pumzi iliyozuiwa, usikatike, na ukaja, mrefu, mweupe wa kimaziwa, ncha imejikunja.

Akaenda nao mpaka kwenye kiti uani.

"Baba Zita. Fungua mkono."

"Wa... wa nini?"

"Fungua tu."

Adolfu aliona alichokishika mkewe. Kisha mkono ule wa kulia ukaanza kutetemeka kuanzia kwenye kifundo. Kidole kimoja kikaachia, kikafuata kingine, mishipa ya shingo imemsimama. Miezi yote ile daktari alivikanda vidole vile na havikusogea. Rozina hakumsaidia. Kiganja kilipokuwa wazi, akauweka unyoya katikati.

"Safari hii nakuuliza," akasema. "Nikuwekee wapi?"

Mzee akafungua mdomo, akiwa analitafuta neno. Na upepo ukaja kabla ya neno.

Uliunyanyua unyoya ule kama haukuwa na mwenyewe, ukaupitisha juu ya kichwa cha Kipupwe, juu ya magunia ya Mahmud, moja kwa moja hadi kwenye kamba ya nguo. Rozina alikimbia, kanga ikimdondoka. Nadhira alikuwa hapo na beseni, kanzu mbichi ya Ijumaa ndiyo kwanza ameianika.

"Nini, Mama Zita?"

"Samahani, Mama Abuu. Unyoya. Umetua hapo, kwenye kanzu. Niliutoa kwenye sweta, ulikuwa wa... Nisamehe. Nitaifua mimi."

Nadhira alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, kwenye kiti. Aliona ule mkono umefunguka. Akaweka beseni chini.

"Kanzu nitaifua," akasema. "Wewe tafuta upande huo, mimi natafuta huku. Usiikung'ute, utaanguka chini."

Wakainama, kila mmoja upande wake wa nguo, nyuso zao karibu kugusa kitambaa. Kanzu ilikuwa nyeupe, na unyoya ulikuwa mweupe, na jua la saa sita lilikuwa linapiga juu ya vyote viwili sawasawa. Nadhira alipitisha kidole kwenye mshono wa bega, taratibu, kama anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Mme... mmeupata?" Adolfu aliita kutoka kwenye kiti chake.

Kiganja chake kilikuwa bado wazi juu ya goti. Wanawake wale wawili wakatazamana juu ya ukosi wa kanzu, kisha wakainama tena.